Ndoano ya Karani: Nahau za Kirusi Ndani ya Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kumwambia mtahiniwa kwamba nahau haitafsiriwi neno kwa neno, kisha ukaendelea na somo. Kauli hiyo ni sahihi. Hata hivyo, haituelezi kinachopotea picha ya nahau inapoachwa. Hebu tutazame mfano wa mbali: maneno wanayotumia Warusi kumsema mtu anayeshikilia vineno vya mwenzake ili amshinde.

Mtu huyo wao humwita 'kryuchkotvor', yaani mtengeneza ndoano. Usidhani ni mvuvi. Kabla ya mageuzi ya mahakama ya mwaka 1864, enzi ya Mfalme Alexander II, kesi nchini Urusi ziliendeshwa faraghani na kwa maandishi. Hapakuwa na mawakili wa kusimama na kutetea hadharani, wala raia walioitwa kuamua hatia. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika kesi, na neno moja lililowekwa kwa hila lingeweza kumpokonya mtu shamba lake. Ndiposa makarani wakabandikwa jina jingine, 'krapivnoye semya': mbegu za mmea unaowasha kama upupu wetu.

Mfasiri wa Kiingereza afanyeje? Akiandika 'pettifogger', tusi la wakili mdogo mlaghai, maana imefika ila ndoano imeanguka njiani. Kuna pia 'quibble', neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na 'quibus' la Kilatini, lililojaa tele katika hati za kisheria. Yaani lugha mbili, pasipo kushauriana, zimeokota lawama ile ile kwenye meza ya karani! Ajabu ni kwamba wafasiri wengi huipita hazina hii na kukimbilia 'split hairs', kupasua unywele, picha isiyonusa mahakama hata kidogo.

Vibaya zaidi ni 'nitpick', kutoa mayai ya chawa. Hili ni neno la Kiingereza cha Marekani la katikati ya karne ya 20. Constance Garnett, aliyetafsiri The Brothers Karamazov mwaka 1912, hakuwa nalo. Ukilitia leo kinywani mwa wakili wa Dostoyevsky, msomaji ataelewa mara moja, lakini umemhamisha wakili huyo karne nzima. Mimi ningekata alama. (Najua, hapo nami nimegeuka mtengeneza ndoano.)

Mtego mkubwa kuliko yote ni 'lovit na slove', kumnasa mtu kwa neno lake. Kiingereza kina 'take someone at his word', na kwa macho nahau hizi ni mapacha. Lakini ya Kiingereza mara nyingi ni kumwamini msemaji. Ya Kirusi ni kumvizia. Mfasiri mchovu hugeuza uadui kuwa imani kwa sentensi moja, na mhusika mzima akapotoka.

Ukitaka kulijaribu hili darasani, chukua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Shylock anashikilia herufi za mkataba; Portia anamjibu kwamba mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Waulize watahiniwa wako: Portia amemwamini Shylock au amemnasa? Mrusi ana nahau moja ya kujibu. Mwingereza itambidi kwanza aeleze.