Matuta ya Amri

Ukiwa Mwembesongo, mjini Morogoro, milima ya Uluguru unaiona. Milima hiyo ina somo kwa kila mwenye watu chini yake, awe msimamizi wa karakana, mwenye duka au mkuu wa ofisi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kwamba udongo wa Uluguru unamomonyoka. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Mito ya huko huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam hadi leo. Basi ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi, siku 3 kwa wiki. Wasimamizi wakapita kukagua, na aliyekaidi akaadhibiwa.

Kasoro ilikuwa wapi? Msimamizi alikagua tuta, hakumsikiliza mkulima. Upande wa Matombo udongo wenye rutuba ni mwembamba. Kuchimba ngazi pana kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakadhoofu. Mkulima aliliona hilo kwa macho yake, lakini nani alimwuliza? Na kule Mgeta wakulima walikuwa na vijingazi vyao vidogo, ambamo walifukia magugu. Ujuzi wa kuanzia ulikuwepo.

Julai 1955 uvumilivu ukaisha. Watu walikusanyika Matombo kupinga matuta, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo kulazimishana kuchimba kukaachwa. Miaka ya jasho, na maisha ya mtu, yakawa yamepotea kwa jambo ambalo lengo lake lilikuwa jema.

Ndugu msikilizaji, hatusemi kwamba mkuu asikague kazi. Akague, lakini kwanza afundishe. Amweleze mfanyakazi sababu ya kazi, amwonyeshe, amwache ajaribu, kisha arudi kumwuliza amekwama wapi. Anayesimama mgongoni mwa mwenzake kutwa nzima hupata kazi ya siku ile tu. Akigeuka, jembe linawekwa chini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tumezoea kumwambia hivyo mwanafunzi. Tumwambie na mkuu wa kazi.