Kumeza Nako Hufundishwa: Historia Fupi ya Tiba Baada ya Kiharusi

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Mzee amepigwa na kiharusi. Mkono umelegea, mdomo umepinda. Anapewa uji, anapaliwa. Je, anaweza kujifunza kumeza tena? Dada, tupe historia yake.

MSIMULIZI: Asante, kaka. Tuanzie Kacyiru, mjini Kigali. Huko ndiko iliko Hospitali ya King Faisal. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia humo, hospitali ikageuka kimbilio. Siku zile kazi ilikuwa kuokoa majeruhi. Tiba ya kurudisha nguvu za mwili polepole ilibidi ijengwe baadaye. Mwaka 1996 ilianzishwa Taasisi ya Afya ya Kigali, ambayo ilikuja kufundisha wataalamu wa tiba ya viungo. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kikaanza shahada ya tiba ya usemi. Wataalamu hao ndio wanaoshughulikia pia kumeza.

MTANGAZAJI: Kumbe ni elimu changa!

MSIMULIZI: Hata Marekani si ya zamani sana. Jeri Logemann, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitumia eksirei kutazama mgonjwa anavyomeza chakula kilichochanganywa na dawa ya bariamu, inayoonekana kwenye picha. Aliona kinachoteleza kuingia njia ya hewa, na mkao unaokizuia. Kitabu chake cha mwaka 1983 kiliwafundisha wengi. Mwaka 1997, Reza Shaker na wenzake walieleza zoezi la kulala chali na kuinua kichwa kutazama vidole vya miguu, mabega yakibaki chini, ili kuimarisha misuli ya shingo inayofungua njia ya chakula.

MTANGAZAJI: Sisi kambini tusio na mashine hizo?

MSIMULIZI: Karibu nusu ya wenye kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Hatari ni chakula kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kwa hiyo msimpe kitu chochote mdomoni, hata maji au vidonge, kabla mhudumu wa afya hajampima.

Akiruhusiwa kula, awe macho kabisa na aketi wima. Tumieni kijiko kidogo, na msubiri ameze kwanza. Asafishwe kinywa, abaki ameketi nusu saa. Akikohoa au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni, mmwone mhudumu. Wengine husaidiwa na kuinamisha kidevu au kinywaji kizito, wengine hayawafai. Mazoezi nayo yachaguliwe na mtaalamu.

MTANGAZAJI: Na anayekataa kula?

MSIMULIZI: Msimlazimishe, wala msimwite mkaidi. Huenda anaogopa kupaliwa. Ulimi na koo ni misuli. Kama mguu unavyofundishwa kutembea upya, navyo hufundishika. Mpelekeni kituo cha afya cha kambi mapema, mwulize: “Kumeza kwake kumepimwa?”

(Muziki wa kufungia)