Wakfu, Sanduku na Daftari: Habari za Uendeshaji wa Maktaba Unguja

Wengi walioandika habari za vitabu vya Unguja wameandika habari za mianzo: mtambo wa chapa uliletwa na nani, gazeti lipi lilitangulia, jumba lipi lilifunguliwa na mwaka gani. Habari hizo ni za lazima. Lakini kitabu kikishaingia nyumbani huanza maisha mengine ambayo hayaandikwi sana. Sharti kitiwe daftarini, kiazimwe, kirudi, kipanguswe vumbi na kishonwe kilegeapo. Na yule aifanyaye kazi hiyo sharti apate ujira wake mwezi uishapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ya mwezi hata mwezi ilivyogharimiwa Unguja kwa njia mbili, yaani wakfu wa tangu kale na masanduku ya vitabu ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Tutaonyesha kwamba kila njia ilikuwa na nusu tu ya jambo lililotakiwa.

Tuanze na maneno. Msomaji wa lugha ya kale anajua kwamba chuo, kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea, lilikuwa jina la kitabu chenyewe. Krapf alilitia kwa maana hiyo katika kamusi yake iliyochapwa mwaka 1882, na Steere alilijua hivyo. Maana hiyo imekwisha katika mazungumzo ya leo, ila imebaki ndani ya neno mwanachuoni. Kwamba jina moja lilitosha kwa kitabu na kwa mahali pa kukisomea si ajabu, maana vitu hivyo viwili havikuachana. Kitabu kilikaa kwa mwalimu, na mwanafunzi alikifuata huko. Walioketi katika darasa za Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, walivikuta vitabu mbele ya mtu aliyevijua, aliyejua pia ni nani aliyekichukua kipi. Neno maktaba, kwa maana ya nyumba ya vitabu iliyo wazi kwa kila mtu, liliingia katika matumizi ya watu wengi baadaye, wakati vitabu vilipozidi uwezo wa mwalimu mmoja kuvitunza.

Vitabu vilizidi upesi. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alileta mtambo wa chapa, na yapata mwaka 1880 ukaanza kutoa Qamus al-Sharia, kitabu cha fikihi ya Kiibadhi chenye juzuu zikaribiazo 90. Mwaka 1888 wamisionari wa Kiungani walianza kutoa gazeti la Msimulizi. Mwaka 1927 Idara ya Elimu ilianzisha Mazungumzo ya Walimu, na mwaka 1942 likatokea Mwongozi. Basi katika muda wa miaka sitini hivi Mji Mkongwe ulikuwa umepata maandishi ya Kiarabu, ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya Kigujarati, na wasomaji wake hawakuwa tena wanafunzi wa mwalimu mmoja.

Njia ya kale ya kuvitunza vitabu vya watu wote ilikuwa wakfu. Mwenye kitabu aliandika katika ukurasa wa mwanzo kwamba amekiweka wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, kisiuzwe, kisirithiwe wala kisiwekwe rehani. Mifano ya maandishi hayo imo kwa wingi katika vitabu vya Msikiti wa Riyadha kule Lamu. Lakini kitabu hakizai kitu, na msikiti uliovihifadhi ulihitaji mafuta ya taa, mikeka na mtu wa kufungua mlango. Haja hizo zilitimizwa na wakfu wa namna nyingine, yaani nyumba au shamba ambalo kodi au mavuno yake yaliwekewa msikiti au madrasa. Mafakihi wameweka kanuni juu ya mapato hayo: kwanza yatengeneze mali iliyowekwa wakfu, kisha ndipo ziada iwafikie waliokusudiwa. Paa hutangulia mwalimu, na ukuta hutangulia mwanafunzi. Asiyejua atadhani kanuni hii ni ya ukali, lakini ndiyo iliyokuwa uhai wa wakfu, kwa sababu mali isiyotengenezwa hufa, na ikifa haina wa kumfaa.

Kanuni hii ilipovunjika matokeo yalionekana kwa macho. Kamisheni ya Wakfu iliwekwa mwaka 1905, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikawa chini ya uangalizi wake. Baadaye kodi za nyumba nyingi za namna hiyo zilibaki ndogo sana, hata hazikulingana na bei ya chokaa, boriti na mafundi. Nyumba isiyoweza kujitengeneza haiwezi kumlipa mtunza vitabu. Wakfu ulikuwa na udhaifu mwingine pia: ulihifadhi kilichokuwapo, lakini haukuwa na desturi ya kuongeza kipya kila mara. Mwalimu wa skuli aliyetaka kitabu cha hesabu au cha afya hakukikuta humo.

Njia ya pili ilitoka Nairobi. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, kuihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kufuatia uchunguzi wa Elspeth Huxley. Kazi yake haikuwa kuchapisha tu, bali pia kuwafikishia wasomaji vitabu. Kwa wasomaji wa mbali ilitumia posta. Kwa vijiji na miji midogo ilitumia masanduku. Sanduku la vitabu lilipelekwa mahali, likawekwa mikononi mwa mwalimu au karani, watu wakaazimana vitabu kwa muda, kisha likarudishwa na jingine likaja badala yake. Hapa palikuwa na upya ambao wakfu haukuwa nao. Lakini ufunguo tu ndio uliokuwa wa mwenyeji. Fedha zilikuwa za mbali. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Bureau nayo ilikwisha.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kiswahili kinatenga vizuri kukopa na kuazima. Anayekopa kibaba cha unga atarudisha unga mwingine. Anayeazima jembe atarudisha jembe lile lile. Kitabu cha maktaba huazimwa. Fikihi ya Kishafii inasema kwamba kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi, ila kilichopotea au kilichoharibika kwa matumizi mengine hulipwa. Basi mtunza vitabu hana budi kujua kitabu kilitoka katika hali gani, na hilo halijulikani pasipo daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichorudi, kilichopotea. Mwezi ukifungwa bila ya hesabu hiyo, mwezi ufuatao kilichoazimwa hakitofautiki na kilichoibwa.

Tena miezi ya Unguja hailingani. Masika, toka Machi hata Mei, huleta unyevu, na unyevu huleta kuvu. Makabati sharti yatengwe na ukuta wa chokaa unaovuja jasho, na vitabu vianikwe kivulini penye upepo, si juani. Kipupwe ni wakati mzuri wa kuhesabu na kushona. Vuli hurudisha mvua kabla mwaka haujaisha. Mchwa na nondo hawana msimu. Mwezi wa Ramadhani hubadili saa za watu kusoma, nao huzunguka katika majira yote, hata maktaba isiyojua kalenda zote mbili itafungua mlango wakati wasomaji wamelala. Kila moja katika haya ni kazi ndogo yenye gharama ndogo, lakini hairuki mwezi.

Huko Bara mambo haya yaliwekewa sheria. Hockey, aliyeiongoza kazi ya maktaba ya Bureau, alishauri mwaka 1960 kwamba kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Maktaba si jambo la Muungano, kwa hiyo Unguja ina huduma yake yenyewe, na Maktaba Kuu yake ipo Maisara.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba lile halikukosa sifa wala wageni. Tukio hilo latukumbusha kanuni ya mafakihi kwamba matengenezo hutangulia. Masanduku ya Bureau yametufunza jambo la pili, kwamba rafu isiyopata kipya hupoteza wasomaji. Atakayefungua maktaba ya mtaa au ya kijiji, iwe Makunduchi, Mkokotoni au Ng'ambo, atapata watu wengi wa kumpa vitabu siku ya kufungua. Kabla ya kuvipokea na ajue ni shamba gani, nyumba gani au mfuko gani utakaomlipa mtunza vitabu mwisho wa mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa masika ya mwaka wa kumi.