Manju wa Isukuti na Umati Wake

Isukuti ni mchezo wa ngoma wa Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya katika Kaunti ya Kakamega nchini Kenya. Jina limetokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na baragumu la pembe ya swala na njuga za chuma. Wanaume hujipanga safu yao, wanawake yao, na mbele husimama manju, kiongozi wa nyimbo.

Manju haji na wimbo uliokamilika. Huja na mahadhi, kiitikio ambacho kila mtu anakijua, na akiba ya majina ya koo, ya wazee waliotangulia, hata ya mafahali. Mengine huyatunga papo hapo. Akiingia ua wa arusi hutazama nani ameketi, nani ndiyo kwanza anafika, nani amenuna. Mjomba aliyechelewa hujikuta ndani ya ubeti unaofuata, na aliyetajwa hana budi kuinuka. Kiitikio kikilegea, manju hunyamaza na kuziachia ngoma mpaka miguu irudi.

Msibani kazi ni ngumu zaidi. Watoto wa marehemu wapo, mahasimu wake wapo, na neno lisilopimwa laweza kufufua ugomvi wa ukoo. Huko manju hodari hupimwa pia kwa anayoyaacha. Katika mapigano ya mafahali ya Khayega na Shinyalu hakuna safu ya kutegemea: umati unakwenda mbio na fahali wake, na mwimbaji huimba akienda nao.

Wamisionari, waliofungua misheni ya Kikatoliki ya Mukumu mwaka 1906, walikuta ngoma hizi zikitawala matanga na arusi. Wengi wa wamisionari wa enzi hizo waliziona ngoma za wenyeji kuwa mambo ya kipagani. Ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ndipo ngoma zilipopata nafasi katika misa. Lakini lawama za kanisa hazikumnyang'anya manju kazi yake kama yalivyofanya mashindano ya muziki ya shule. Jukwaani wimbo hupimwa kwa dakika, maneno hukaririwa, na anayetazamwa ni mwamuzi. Ajabu ni kwamba utunzi wa papo hapo ulipata hifadhi uwanjani, kwa mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya: jina la mfungaji laweza kuingia wimboni kabla mpira haujarudishwa katikati.

Novemba 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Wajuzi wengi walikuwa wamezeeka bila warithi, na fedha za kutengenezea ala na mavazi zilikuwa haba. Mapigo ya ngoma kijana aweza kufundishwa darasani. Umanju hupatikana kwa kumfuata mzee kutoka msiba mmoja hadi mwingine, kijana akiwa bado miongoni mwa waitikiaji.