Daftari na Mwenyewe

Tangu miaka ya 1990, zahanati za Musoma na Bunda zimekuwa zikijaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: kila mgonjwa mstari wake, mwisho wa mwezi jumla zinahesabiwa na fomu inapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Miaka ya 2010 takwimu hizo zikaanza kuingizwa kwenye DHIS2, programu ya Java iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo; Butiama, iliyopata hadhi ya wilaya mwaka 2012, imekulia humo. Wengi huona kwamba hapo enzi ya daftari ilikoma. Mimi naona kanuni ya daftari, kwamba kila andiko lina mwenyewe, ilihamia ndani ya seva, na huonekana wazi zaidi siku inapomkatalia fundi.

DHIS2 huendeshwa humo na Tomcat, seva ya programu za Java, na faili la kumbukumbu huandika kosa gani limetokea na saa ngapi. Kumbukumbu ikikatika, Java hulalamika kwamba faili halikupatikana, ilhali lipo. Sababu ya kweli imo mwishoni mwa ujumbe: ruhusa imekataliwa. Mara nyingi kuna aliyeiwasha Tomcat kwa akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, faili likazaliwa mali ya root, na baadaye akaunti ya tomcat ikashindwa kuliandika. Amri ya ls -l humtaja mwenye faili, na chown humrudishia anayestahili. Utaratibu huu ni wa Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie: chmod, amri ya kubadili ruhusa, imo tayari katika mwongozo wao wa Novemba 1971.

Wapo watakaosema huo ni usumbufu, toa ruhusa ya 777, kila mtu aandike, kazi iendelee. Mbona vitabu vya zahanati hukaa mezani na kila muuguzi huandika? Hoja hiyo ina uzito, maana ripoti ya mwezi haingoji. Lakini karatasi ina kinga yake: mwandiko hutambulika, wino uliofutwa huacha alama, ukurasa uliochanwa huacha pengo. Mstari wa faili lililo wazi kwa wote hufutwa bila kovu, na faili la namna hiyo haliwezi tena kutoa ushahidi. Hata Tomcat yenyewe, tangu toleo la 8.5, mafaili yake huzaliwa yakiwa yamefungwa kwa wasiohusika. Tena 777 mara nyingine haifui dafu: kwenye Debian, systemd, programu inayosimamia huduma, huizuia Tomcat 9 kuandika nje ya folda ilizoruhusiwa, hata milango yote ikiwa wazi. Kwa hiyo fundi, kabla hujagusa chmod, tazama kwanza faili ni la nani.