Maisha ya Kila Siku Mjini Dar es Salaam, 1970–1974

Maisha ya kila siku mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1970 hadi 1974 ni jumla ya kazi, matumizi, tafrija na habari zilizowashughulisha wakazi wa mji huo, uliokuwa makao makuu ya serikali ya Tanzania, tangu magazeti na majumba yalipoanza kuingia katika milki ya umma hadi ukame na bei mpya ya mafuta vilipoitikisa mizania ya kila kaya. Kipindi hiki kina nafasi yake katika tarikhi ya mji si kwa ajili ya matukio makubwa peke yake, bali kwa sababu bei ya unga dukani, sauti ya redio na kurasa za magazeti makubwa zilianza kutoka, kwa kadiri isiyopata kuonekana kabla, katika mkono mmoja wa dola, ilhali furaha ya watu iliendelea kutengenezwa na watu wenyewe.

Mji na maskani yake

Sensa ya 1967 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa wapatao 273,000, na tangu hapo idadi hiyo ikawa inaongezwa kila mwaka na vijana waliotoka mikoani kutafuta kazi bandarini, viwandani na maofisini. Walio wengi walikaa Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni katika nyumba za Kiswahili, ambazo aghalabu zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua wenye jiko na choo nyuma. Mwenye nyumba alijiwekea chumba kimoja au viwili, vilivyosalia akavipangisha. Hata ikawa Mzaramo, Mngoni, Mnyamwezi na Mmanyema wanapikia ua mmoja, watoto wao wakikua pamoja wasijue lugha ya kuchezea ila Kiswahili.

Katikati ya mji, palipokuwa na maghorofa ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, mambo yaligeuka Aprili 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 likawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Wapangaji wakaanza kumlipa kodi mwenye nyumba mpya, ambaye ni serikali. Na jamaa wengi waliokuwa wameiweka akiba ya umri wao wote katika majengo hayo wakafunga mizigo wakahamia Uingereza na Kanada.

Fedha, mishahara na bei

Shilingi ya Tanzania, iliyotolewa na Benki Kuu mwezi Juni 1966, ilikuwa katika miaka hiyo sarafu imara: dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban Sh 7.14, na thamani hiyo haikutetereka hata Uingereza ilipoishusha paundi yake mwaka 1967. Sarafu za mkononi zilikuwa na uso wa Rais Julius Nyerere upande mmoja, na upande wa pili ndururu, yaani senti 5, ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, sumuni, yaani senti 50, ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na Mwenge wa Uhuru. Basi mtoto aliyetumwa dukani kabla hajazijua tarakimu aliweza kuambiwa alete chenji ya mbuni wawili, naye asikosee. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, ikaongezwa sarafu nzito ya shilingi 5.

Kima cha chini cha mshahara wa mjini kilikuwa Sh 170 kwa mwezi hadi 1972, kikapandishwa kuwa Sh 240 mwaka huo, kisha Sh 340 mwaka 1974. Kwa mfanyakazi wa kima hicho, aliyekuwa na mke, watoto na pengine mdogo wake aliyekuja kutoka kijijini, mwezi ulikuwa na nusu mbili zisizofanana: nusu ya kwanza ilikuwa ya kununua, na nusu ya pili ilikuwa ya kukopa. Mwenye duka la mtaani aliandika deni katika daftari lake, nalo likalipwa siku ya mshahara. Na kwa kuwa fedha ilikuja kidogo kidogo, bidhaa nazo zilinunuliwa kidogo kidogo, mafuta ya taa kwa chupa, sukari kwa robo, majani ya chai na bizari kwa vifurushi vya karatasi, huku ratili na kibaba vikiipisha mizani ya kilo.

Chakula cha wengi kilikuwa ugali wa sembe kwa maharage, mchicha, dagaa au samaki wa soko la Feri, na wali wa nazi ulipatikana siku ya sikukuu au siku ya mgeni. Asubuhi kina mama wa mitaani walikaanga maandazi na vitumbua, na alasiri mihogo na samaki. Na mara jua lilipopungua makali, muuza kahawa alipita na dele lake juu ya makaa, akivigonganisha vikombe kwa mkono mmoja ili walio barazani wamsikie kabla hawajamwona, na kando ya kahawa akiuza kashata.

Nyuma ya duka la mtaani kulikuwa na taratibu mpya. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara ya jumla na ya nje ilitiwa katika Shirika la Biashara la Taifa, na mwaka 1968 usagaji wa nafaka ukakabidhiwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Mwaka 1973 mzigo wa Shirika la Biashara ukagawiwa makampuni ya biashara ya mikoa, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa, iliyopewa mamlaka ya kupanga bei za bidhaa nyingi kwa nchi nzima. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge na ulanguzi, na kwa miaka kadhaa ilifaa. Lakini bei inayopangwa haiwezi kuiumba bidhaa isiyokuwapo, na kabla ya 1974 kwisha neno hilo lilikuwa limedhihiri kwa kila aliyepanga foleni.

Redio na magazeti

Bara hapakuwa na televisheni. Zanzibar ndiyo iliyotangulia kuwa nayo, tena ya rangi, katika miaka hiyohiyo. Kwa hiyo mfalme wa nyumba alikuwa redio ya betri, nayo ilisikilizwa na jirani kama ilivyosikilizwa na mwenyewe. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza habari, salamu, mahubiri, muziki na yale Mazungumzo Baada ya Habari, ambayo kwayo siasa ya chama cha TANU ilifafanuliwa kwa Kiswahili fasaha. Chombo hicho kilitumika pia kuwa darasa. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili kote nchini waliketi katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu na kiongozi wao, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyofuga mbu. Ni vigumu kutaja nchi nyingine ya Afrika ya wakati huo iliyoitumia redio kwa ukarimu wa namna hiyo, na jambo hili lastahili kukumbukwa kwa heshima.

Magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa zaidi yalikuwa Uhuru, gazeti la TANU, na Ngurumo, gazeti la mtu binafsi lililopendwa na watu wa hali ya chini kwa habari zake fupi na mashairi ya wasomaji. Mzalendo likaongezeka mwaka 1972 kuwa gazeti la Jumapili. Gazeti la Kiingereza la The Standard lilitaifishwa Februari 1970, na mwezi Aprili 1972 likaunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News.

Muziki, sinema na mpira

Jumamosi jioni mji ulikuwa wa bendi. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo kila moja ilikuwa na mtindo wake uliotajwa kwa jina, kama vile Msondo wa NUTA na Saboso ya Western. Na kutoka Morogoro alikuja Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake lilijulikana hata kwa wasiopata kumwona. Kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri, bendi zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania, na zilizotaka sahani zikasafiri hadi Nairobi. Wapenzi wa taarabu walikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan, vyama vilivyowatumbuiza watu wa pwani kwa fidla, udi na ganuni, hasa katika arusi. Tafrija hizi hazikuachwa bila ya kusimamiwa: mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umepiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana, na mwaka huohuo uongozi wa mkoa ukaupiga marufuku muziki wa soul. Hata hivyo mashono ya kisasa yalirudi polepole, na ulipofika mwaka 1973 suruali pana miguuni zilionekana katika kila dansi.

Sinema za Empire, Empress, Avalon, Odeon na Cameo zilionyesha filamu za Kihindi, za Kimarekani na za Hong Kong. Nyimbo za Kihindi zikaimbwa na watoto wasiojua maana yake, na Bruce Lee akawaachia vijana wa Kariakoo mchezo wa mateke. Wenye magari walikwenda Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, wakiwa na watoto na vikapu vya chakula.

Katika mpira wa miguu mji uligawanyika kati ya Yanga na Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilijiita Simba. Yanga ilitwaa ubingwa wa taifa mfululizo tangu 1968 hadi 1972, Simba ikautwaa mwaka 1973, na Agosti 1974 Yanga ikaurudisha kwa kuishinda Simba mabao 2 kwa 1 mjini Mwanza. Katika riadha, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16.

Habari zilizotikisa mabaraza

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, aliyepata hifadhi Dar es Salaam. Na Septemba 1972 mapigano ya mpakani mwa Tanzania na Uganda yalileta hofu ya vita, hata mapatano ya Mogadishu yalipofikiwa mwezi uliofuata. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, aliuawa Kisiwandui, Unguja, na Aboud Jumbe akashika mahali pake. Habari za faraja nazo hazikukosekana: mafundi wa Kichina na wa Kitanzania walikuwa wakijenga reli ya Uhuru ya kilomita 1,860 kwenda Zambia, kazi iliyozinduliwa Oktoba 1970, na wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO, waliokuwa wakiishi mjini humo kama jirani wa watu, walisikia Aprili 1974 kwamba serikali ya Lisbon imeanguka.

Mgeuko wa 1973 na 1974

Oktoba 1973 TANU iliamua kuyahamishia makao makuu Dodoma. Mwezi huohuo bei ya mafuta duniani ilianza kupaa, na ukame uliofuata ukayapunguza mavuno wakati ambapo wakulima kwa mamilioni walikuwa wakihamishiwa vijijini kwa amri. Serikali ikalazimika kununua nafaka nchi za nje kwa fedha za kigeni, na nyongeza ya mshahara ya 1974 ikaambatana na kupanda kwa bei za vyakula, ikawa iliyotolewa kwa mkono huu yachukuliwa na soko. Soko jipya la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilikuwa likijengwa wakati huo, likafunguliwa Desemba 1975 katika mji uliokwisha kuzoea foleni.

Tathmini

Wako wanaokikumbuka kipindi hiki kwa uhaba, na wako wanaokikumbuka kwa heshima aliyopewa mtu wa kawaida. Kila kundi lina ushahidi wake. Lililo thabiti ni kwamba mashirika yaliyoundwa ili kuziongoza bei mengi yamekwisha kuvunjwa, na wigo wa mavazi ulibomoka wenyewe, ilhali Yanga na Simba zingali zinaugawa mji, na nyimbo zilizorekodiwa katika studio ya Redio Tanzania zingali zinapigwa katika arusi za wajukuu wa wale waliozicheza mara ya kwanza. Mwandishi wa tarikhi anayetaka kuyajua maisha ya taifa hili lilipokuwa changa hana budi, kando ya hotuba na maazimio, kuzisikiliza kanda za nyimbo hizo na kuyafungua madaftari ya deni ya maduka ya mtaani, kwani humo raia wa Dar es Salaam wameandikwa kama walivyokuwa.