Bangili za Wakati wa Ukata

Leo Baekeland hakuwa na habari na urembo. Mkemia huyu mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, aliyetajirika kwa kumuuzia mfanyabiashara George Eastman karatasi yake ya picha iitwayo Velox, alikuwa akitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya shelaki, utomvu wa wadudu ulioagizwa kutoka Asia. Mwaka 1907, katika maabara ya nyumbani kwake Yonkers, New York, alichanganya fenoli na fomaldehidi kwa joto na shinikizo, akapata kitu kigumu ambacho moto haukuweza kukiyeyusha tena. Akakiita Bakelite. Kwa miaka mingi kilitumika kutengenezea simu, swichi na vishikio, karibu vyote vyeusi au vya kahawia. Nani angetamani kuvaa swichi mkononi?

Hataza yake ilipokwisha mwaka 1927, washindani wakajitosa. American Catalin Corporation haikutia unga wa mbao uliozoeleka kwenye Bakelite, ikamimina mchanganyiko mtupu uliopokea rangi za kila namna: nyekundu, manjano, kijani, machungwa. Miaka miwili baadaye soko la hisa la New York likaporomoka. Dhahabu ikawapita kando wanawake wengi, lakini bangili ya rangi ilipatikana kwenye maduka ya Woolworth kwa senti chache.

Asidhani mtu kwamba zilifyatuliwa kama vikombe vya plastiki vya siku hizi. Mchanganyiko ulimiminwa kwenye kalibu za risasi, ukaachwa kwenye tanuri kwa siku kadhaa, likatoka bomba. Bomba lilikatwa vipande vya duara, na kila kipande kikaenda kwa fundi aliyekichonga maua, majani au mistari kabla ya kukingʼarisha. Zile za madoa zilidai kazi zaidi: tundu litobolewe, kijiti cha rangi nyingine kipachikwe, kisha pasawazishwe mpaka kidole kisihisi kiungo.

Kazi hiyo ya mkono ndiyo iliyoziponza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, plastiki mpya ziliweza kusindiliwa kwenye kalibu na kutoka tayari, tena kwa bei ya chini. Bangili za Catalin zikaishia kwenye masanduku ya akina bibi.

Aliyechangia kuzitoa huko ni Andy Warhol, msanii aliyekusanya karibu kila kitu. Alifariki mwaka 1987, na mwaka uliofuata kampuni ya mnada ya Sotheby's ikanadi mali yake kwa siku 10, bangili hizo zikiwamo. Bei zikapanda, na bandia zikafuata.

Wakusanyaji wana njia zao za kuzitambua. Ya kweli ni nzito, haina mshono wa kalibu, na zikigongana mbili hutoa mlio mzito. Ikisuguliwa kwa kidole gumba hadi ipate joto, hunuka fomaldehidi, kemikali ileile inayohifadhi maiti; urembo huu haufichi asili yake! Umri nao hubadilisha rangi: nyeupe huwa ya manjano, buluu huelekea kijani. Wapo wanaokwangua tabaka la juu lililobadilika ili rangi ya kwanza irudi, ingawa wanachokiondoa ni miaka mingi ya historia.

Muuzaji akitoa sindano ya moto ili kuthibitisha, mnunuzi amzuie. Alama yake haifutiki, na bei hushuka papo hapo.